Tiba ya mgongo kwa mikono: Ijue kabla hujalala mezani

Ni nadra kumpata mtu mzima ambaye hajawahi kuumwa na mgongo. Mama aliyeinama shambani tangu asubuhi akipalilia, utingo apakiaye magunia ya viazi, mwendeshaji wa bodaboda anayerushwarushwa na mashimo ya barabara, na karani akaaye kitini kutwa nzima, wote huja kwa daktari wakiwa wameshika kiuno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka wa 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Hakuna tatizo jingine la kiafya linalowalemaza watu wengi kuliko hili.

Miongoni mwa tiba ambazo wagonjwa huniuliza siku hizi ni ile iitwayo kairopraktiki. Wengi wameiona kwenye video za simu. Mtu amelala juu ya meza, tabibu anamgeuza ubavu, anamsukuma ghafla, mgongo unalia "ka!", na mgonjwa anainuka akicheka. "Daktari, hiyo nayo inafaa?" huniuliza.

Swali hilo halijibiki kwa neno moja. Tiba hii husaidia maumivu ya aina fulani, haisaidii mengine, na kuna migongo ambayo haifai kuguswa nayo kabisa. Katika makala haya nitaeleza ilikotoka, inavyofanya kazi, na jinsi ya kujua kama mgongo wako ni wa kupelekwa huko au ni wa kupelekwa hospitalini kwanza.

DEREVA NA MSHIPI WAKE

Mnamo mwaka wa 2022 alikuja kwangu mwanamume wa miaka 46, dereva wa malori ya mizigo yatokayo Mombasa kwenda Malaba. Mgongo ulikuwa umemsumbua kwa miezi mitano. Mwanzoni alimeza dawa za kutuliza maumivu alizonunua dukani, zisimfae. Ndipo mwenzake akampeleka kwa mtu fulani aliyekuwa akitibu migongo katika chumba cha kukodi mtaani. Mtu huyo hakumwonyesha cheti chochote. Alimtaka alipe mapema pesa za vikao 24. Kila wiki dereva huyu alilazwa, akasukumwa mgongo, ukalia, akapata nafuu ya siku moja au mbili, kisha maumivu yakarudi palepale.

"Daktari," akaniambia, "yule bwana alisema mifupa yangu imetoka mahali pake, na lazima irudishwe kidogo kidogo."

Nilimwuliza kama hulala vizuri. Akasema maumivu humwamsha usiku wa manane na shuka huwa zimelowa jasho. Nikamwuliza kuhusu uzito wake. Akanionyesha mshipi aliouvaa: alikuwa ametoboa matundu mawili mapya ili suruali isimvuke. Nilipopitisha mkono juu ya mgongo wake niligusa pingili moja iliyochomoza kama kifundo, na nilipoigonga taratibu kwa kidole aliruka kwa maumivu. Miguu yake pia ilikuwa imeanza kulegea.

Picha ya eksirei ilionyesha pingili mbili zilizoliwa na kuporomoka. Uchunguzi uliofuata hospitalini ulithibitisha kwamba ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu. Watu wengi hudhani ugonjwa huu hukaa mapafuni tu, lakini viini vyake vinaweza kusafiri katika damu na kutua kwenye mifupa, hasa ya uti wa mgongo. Pingili zikiporomoka huweza kuikandamiza neva kuu, na mtu akapooza kuanzia kiunoni kwenda chini.

Dereva yule alitumia dawa kwa mwaka mzima. Leo anatembea kwa miguu yake miwili, na hilo ni la kumshukuru Mungu, lakini kazi ya lori ilibidi aiache. Katika vikao vyote alivyohudhuria, hakuna siku hata moja aliyoulizwa kuhusu jasho la usiku wala kuhusu uzito wake.

Sikupi habari hii ili nikutishe, wala ili nikuambie kwamba kairopraktiki ni ulaghai. Ninaye mgonjwa mwingine, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye mgongo wake ulikazana baada ya kuhamisha vyombo vya nyumba. Nilimpima, nikaona hakuna dalili mbaya, akaenda kwa tabibu wa kairopraktiki aliyehitimu. Baada ya vikao vinne na mazoezi aliyofundishwa alirudi darasani. Wote wawili walisukumwa mgongo. Tofauti ni kwamba mmoja alichunguzwa kwanza na mwingine hakuchunguzwa.

ILIKOTOKA TIBA HII

Kukanda na kunyoosha mgongo si jambo geni kwetu. Katika jamii zetu wamekuwako tangu jadi mafundi wa kuunga mifupa na wazee wa kuchua misuli kwa mafuta. Hata hivyo, kairopraktiki kama taaluma yenye vyuo na shahada ilianzia Marekani. Mwanzilishi wake ni Daniel David Palmer, aliyezaliwa Kanada mwaka wa 1845 na baadaye akawa akitibu watu katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Palmer hakuwa amesomea udaktari.

Mnamo Septemba 1895, Palmer alimshughulikia Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi katika jengo alimokuwa na ofisi yake. Lillard alikuwa na uziwi wa miaka mingi. Kwa maelezo ya Palmer mwenyewe, aliona uvimbe kwenye mgongo wa Lillard, akausukuma kwa mkono, na Lillard akaanza kusikia. Tangu hapo Palmer aliamini kwamba amegundua chanzo cha magonjwa. Alifungua shule yake mwaka wa 1897. Jina la tiba hii limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kazi ifanywayo kwa mkono.

Palmer alifundisha kwamba pingili za mgongo zikihama kidogo huibana neva, na kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote hutokana na kubanwa huko. Hapo ndipo madaktari walipokosana naye. Neva ya kusikia hutoka ubongoni na kwenda moja kwa moja sikioni, bila kupitia mgongoni. Aidha, tunajua kwamba malaria huletwa na vimelea, kisukari hutokana na hitilafu ya homoni ya insulini, na kifua kikuu husababishwa na bakteria. Hakuna pingili inayoweza kusukumwa ili kuyaondoa magonjwa hayo.

Ugomvi huo ulidumu kwa miongo mingi. Mwaka wa 1906 Palmer alifungwa gerezani kwa kosa la kutibu bila leseni. Jimbo la Kansas liliihalalisha taaluma hii kisheria mwaka wa 1913, ilhali Louisiana, jimbo la mwisho kufanya hivyo, lilingoja hadi mwaka wa 1974. Na mwaka wa 1987 mahakama moja ya Marekani iliamua kwamba chama kikuu cha madaktari wa nchi hiyo kilivunja sheria ya ushindani wa biashara kwa kuwasusia wataalamu wa kairopraktiki.

Siku hizi wapo wataalamu wengi wa kairopraktiki walioiacha nadharia ya Palmer ya kutibu kila ugonjwa. Hao hujishughulisha na maumivu ya mgongo, ya shingo na ya viungo. Bado wapo wengine wanaoishikilia ile ya zamani. Ni muhimu wewe mgonjwa ujue unayemwendea ni wa kundi lipi.

MGONGO ULIVYOUNDWA

Ili uelewe tiba hii, ni vyema kwanza uufahamu mgongo wenyewe. Uti wa mgongo si mfupa mmoja. Ni safu ya pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Pingili 24 za juu husogea: 7 za shingo, 12 za sehemu ya kifua ambako mbavu zimeshikana nazo, na 5 za kiuno. Chini yake kuna pingili zilizoungana zikawa mfupa mmoja katikati ya nyonga, na mwisho kabisa kuna kifandugu.

Kati ya pingili nyingi za juu kuna kisahani cha gegedu, kigumu kwa nje na laini kwa ndani, kinachozuia mifupa isisagane unaporuka au kubeba mzigo. Kila pingili ina tundu, na matundu hayo yakipangana hufanya mfereji ambamo imepita neva kuu kutoka ubongoni. Kutoka katika neva hiyo kuu huchipuka jozi 31 za neva ziendazo mikononi, kifuani, tumboni na miguuni.

Kwa upande wa nyuma, pingili zimeungana kwa viungo vidogo, kimoja kulia na kimoja kushoto. Kila kiungo kimefunikwa kwa kifuko chenye ute unaolainisha, kama grisi kwenye bawaba za mlango. Mishipa migumu na misuli imeizunguka safu hii yote na kuishikilia imara. Ni imara kiasi kwamba pingili ya mtu mwenye afya haitoki mahali pake kwa kuinama au kulala vibaya. Inapotoka kweli, kama katika ajali mbaya ya barabarani, mtu huyo huwa wa kukimbizwa hospitalini akiwa amelazwa juu ya ubao, na wala si wa kusukumwa mgongo.

Mara nyingi kinachouma ni misuli iliyokazana, kiungo kidogo kilichovimba ndani, au kisahani kilichochoka. Kwa wagonjwa wengi, hata tukipiga picha, hatuoni kitu kimoja cha kukilaumu. Maumivu hayo huitwa maumivu ya kawaida ya mgongo, na ndiyo yanayoweza kusaidiwa na tiba ya mikono.

YANAYOFANYIKA MEZANI

Tabibu mzuri wa kairopraktiki huanza kwa maswali. Maumivu yalianza lini? Yanashuka mguuni? Uliwahi kuanguka, au kuugua saratani? Unatumia dawa gani? Kisha hukupima: hukutazama ukitembea, ukiinama na kujipinda, hugonga magoti yako kwa kinyundo ili kujua kama neva zinafanya kazi, na hupima nguvu za miguu na hisia za ngozi. Si lazima kila mgonjwa apigwe eksirei. Picha huhitajika pale dalili zinapoashiria jambo kubwa zaidi.

Baada ya hapo hukulaza juu ya meza maalumu yenye sehemu iliyopasuliwa ya kuwekea uso. Kwa maumivu ya kiuno, mara nyingi utalala ubavu, goti la juu likiwa limekunjwa. Tabibu huweka mkono juu ya sehemu anayoilenga, hukipeleka kiungo taratibu hadi mwisho wa mwendo wake, kisha hukipa msukumo mmoja mfupi na wa haraka sana. Wapo wanaotumia pia njia za polepole, hasa kwa wazee, kama vile kukisogeza kiungo mbele na nyuma bila msukumo wa ghafla. Aghalabu huongeza kukanda misuli na kumfundisha mgonjwa mazoezi. Mtaalamu huyu hapasui, na katika nchi nyingi haruhusiwi kuandika dawa.

Na ule mlio je? Wengi huamini kwamba ni mfupa unaorudi mahali pake. Sivyo. Ni mlio uleule unaousikia unapoalisha vidole vyako, au kuvivunja kama wasemavyo vijana. Kiungo kinapovutwa ghafla, nafasi iliyo ndani ya kile kifuko cha ute hupanuka, shinikizo hushuka, na uwazi wa gesi hutokea mara moja. Mnamo mwaka wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walionyesha jambo hilo waziwazi kwa kupiga picha za MRI za vidole vilivyokuwa vikivutwa. Ndiyo maana ukishaalisha kidole huwezi kukialisha tena papo hapo. Mlio hauonyeshi kwamba umepona, na ukikosekana haimaanishi kwamba tiba imeshindwa.

Nafuu hutoka wapi basi? Kwa kadiri inavyoeleweka, msukumo ule hunyoosha tishu zilizokaza, huilegeza misuli iliyojikunja kwa maumivu, na huamsha hisia nyingine ambazo hupunguza kwa muda habari za maumivu ziendazo ubongoni. Mtu akipata nafuu hiyo huanza kutembea na kujinyoosha bila woga, na kutembea huko nako ni tiba.

INAFAA KIASI GANI?

Tiba hii imechunguzwa kwa majaribio mengi. Mwaka wa 2017 jarida la chama cha madaktari wa Marekani, kilekile kilichokuwa kikiisusia taaluma hii, lilichapisha uchambuzi wa majaribio 26 kuhusu maumivu ya ghafla ya kiuno. Ilionekana kwamba kusukuma mgongo kulipunguza maumivu na kuwasaidia watu kurudia shughuli zao katika muda wa hadi wiki 6. Faida hiyo ilikuwa ya wastani, si muujiza. Mwaka uo huo Chuo cha Matabibu wa Marekani kiliitaja tiba hii, pamoja na joto, kukandwa na tiba ya sindano za Kichina, kuwa miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya kukimbilia vidonge.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo mwezi wa Desemba 2023 kuhusu maumivu ya muda mrefu ya kiuno. Mwongozo huo unataja kufundishwa jinsi ya kuishi na mgongo, mazoezi, tiba ya kusukuma mgongo, kukandwa, msaada wa kisaikolojia na baadhi ya dawa za kutuliza maumivu. Hauungi mkono kujifunga mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa kali za jamii ya afyuni.

Hivyo basi, kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, kairopraktiki ni njia mojawapo ya halali. Haishindi kwa mbali mazoezi mazuri au kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia, na wala si duni kuliko hayo. Faida yake moja ni kwamba inaweza kukuepusha na vidonge, na hilo si dogo. Nimewaona watu wengi waliopata vidonda vya tumbo au kuharibika figo kwa kumeza dawa za maumivu kila siku bila ushauri.

Ama kuhusu pumu, shinikizo la damu, kisukari, utasa, kukojoa kitandani, au mtoto mchanga anayelia kwa msokoto wa tumbo, hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kusukuma mgongo huyatibu. Ukiambiwa uache dawa zako za presha au za VVU kwa sababu mgongo "umefunguliwa", ondoka hapo mara moja.

HATARI ZAKE

Baada ya kikao ni kawaida mtu kuhisi kuwashwawashwa kwa misuli, kuumwa kidogo au kuchoka kwa siku moja au mbili. Hayo hupita yenyewe.

Hatari kubwa ni chache lakini zipo. Ya kwanza ni shingo. Ndani ya pingili za shingo imepita mishipa miwili ipelekayo damu sehemu ya nyuma ya ubongo. Shingo ikizungushwa kwa nguvu, ni nadra, lakini mshipa huo waweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda, na mtu akapata kiharusi. Isitoshe, mara nyingine mshipa huwa umekwisha kuchanika, na maumivu ya shingo ambayo mgonjwa ameenda nayo kutibiwa ndiyo dalili yake. Kwa hiyo, ukiwa na maumivu mapya ya shingo au ya kichwa ambayo hujawahi kuyapata, pamoja na kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito au kuyumba unapotembea, usikubali kuguswa shingo. Nenda hospitalini. Na dalili hizo zikikupata baada ya kusukumwa shingo, usingoje kesho.

Ya pili ni mifupa dhaifu. Akina mama waliokwisha kukoma hedhi na watu waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu wanaweza kuwa na mifupa iliyopungua uzito, nayo huvunjika upesi.

Ya tatu ni ile iliyomkumba dereva wetu: ugonjwa uliojificha ndani ya mfupa. Hapa kwetu Kenya jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu kifua kikuu bado kipo, hasa kwa wanaoishi na VVU. Pia kuna brusela, ugonjwa upatikanao kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, ambao hushika viungo na kiuno na kuleta homa ya kuja na kuondoka. Na saratani ya matiti au ya tezi dume huweza kusambaa hadi kwenye pingili, wakati mwingine kabla mtu hajajua kwamba anaugua.

DALILI ZISIZOPASWA KUPUUZWA

Muone daktari kwanza, kabla ya mtu yeyote kuusukuma mgongo wako, iwapo una moja ya haya yafuatayo:

- Unapungua uzito bila sababu, una homa, au unatokwa na jasho jingi usiku.
- Maumivu hukuamsha usiku na hayapungui hata ukilala vipi.
- Uliwahi kuugua saratani au kifua kikuu, au unaishi na VVU.
- Maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali, au umri wako ni mkubwa na yalianza ghafla.
- Mgongo umeota kifundo au kibyongo ambacho hakikuwapo.
- Miguu inalegea au inakufa ganzi, na hali inazidi.

Na kuna dalili ambazo si za kungoja hata saa chache: ukishindwa kukojoa au kuzuia haja, au ukipata ganzi katika sehemu za siri na matakoni. Hapo neva za chini zinakandamizwa, na kuchelewa kunaweza kukuachia ulemavu wa kudumu. Enda hospitali yenye madaktari wa upasuaji usiku huohuo.

Habari njema ni kwamba kifua kikuu cha mgongo hupona kwa dawa, ambazo katika hospitali za serikali hutolewa bila malipo. Lakini ni lazima kijulikane mapema.

JINSI YA KUMCHAGUA MTAALAMU

Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2005, mtu anayeanza masomo haya bila ujuzi wowote wa udaktari anapaswa kufundishwa kwa saa zisizopungua 4,200, na kati ya hizo saa 1,000 ziwe za kuwahudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Katika Afrika, masomo haya hutolewa nchini Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Johannesburg na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban. Wengine husomea Marekani, Uingereza, Kanada au Australia.

Kwa hivyo kabla hujalala mezani, uliza. Usione haya, kwani mgongo ni wako na pesa ni zako. Mwulize alisomea wapi na kwa miaka mingapi, na cheti chake kiko wapi. Mtazame kama anakuuliza kuhusu afya yako yote na kukupima, au anakimbilia kukusukuma. Mwulize anadhani ni nini kinachouma, atakusukuma mara ngapi, na atafanya nini usipopata nafuu.

Jihadhari na anayekuambia kwamba mifupa yako imetoka, ilhali hajakuuliza lolote. Jihadhari na anayetaka ulipe vikao vingi mapema, au anayekuambia lazima uje kila wiki maisha yako yote hata usipoumwa. Ikiwa wiki 4 hadi 6 zimepita na hujaona tofauti, acha, urudi kwa daktari. Na kama eneo lako halina mtaalamu huyu, usihuzunike. Wataalamu wa fiziotherapia wapo katika hospitali nyingi za kaunti, na kazi yao inasimamiwa na baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2014.

UNAYOWEZA KUFANYA NYUMBANI

Maumivu mengi ya ghafla ya kiuno, yasiyo na dalili za hatari, hupungua yenyewe katika wiki chache. Usijilaze kitandani kwa siku nyingi kama tulivyozoea kushauriana. Kulala sana huidhoofisha misuli na kuchelewesha nafuu. Tembea polepole, fanya kazi nyepesi, jikande kwa kitambaa cha maji moto yasiyounguza.

Unapoinua mtungi wa maji au gunia, chuchumaa, ulete mzigo karibu na kifua, kisha uinuke kwa nguvu za miguu. Badala ya mtungi mmoja wa lita 20 upande mmoja, ni heri miwili ya lita 10, mmoja kila mkono. Wewe dereva au karani, simama ujinyooshe kila baada ya muda. Na kwa anayeumwa mara kwa mara, mazoezi ya kuimarisha misuli ya tumbo na ya mgongo, yakifanywa kila siku, yatamfaa kuliko kikao chochote cha mezani.

Nirudie lile ninalotaka ukumbuke. Mkono wenye ujuzi waweza kuupa nafuu mgongo uliokazana, lakini hauwezi kukitibu kiini kinachoula mfupa. Ni maswali na vipimo vinavyotenganisha migongo hiyo miwili. Kwa hiyo yeyote atakayeushika mgongo wako, awe kairoprakta, fundi wa kuchua wa kijijini, au hata mimi daktari, mdai akuulize na akupime kwanza. Na asipokuuliza kuhusu usingizi wako, homa na uzito wako, mwambie wewe mwenyewe. Tahadhari kabla ya hatari.